Mlishindwa Hata Kuuliza Upepo?

Nina shati jeupe lenye tundu la ukubwa wa punje ya choroko, karibu na kola. Tundu hilo nililipia shilingi 50,000, kiingilio cha mkesha wa mwaka mpya kwenye ufukwe mmoja hapa Dar. Sitautaja, maana mbuzi choma wao bado nampenda.

Meza zetu zilipangwa zitazame bahari, na vijana walisimika mabomba ya fataki mchangani mbele yetu, pale maji yanapoishia. (Nikisema fataki, simaanishi wale wazee wanaohonga wanafunzi chipsi. Wazanzibari walijinusuru mapema, wao husema fashfash.) Mlipuko wa kwanza tulipiga makofi. Wa pili tukauona kwa taabu. Kufika wa tano tulikuwa tunatazama wingu linalowaka kwa ndani, kama taa nyuma ya chandarua, kisha wingu lenyewe likaja kukaa mezani. Kipande cha karatasi iliyoungua kikatua kwenye pilau ya shemeji. Akakitoa kwa kijiko, akaendelea kula. Cha pili kilichagua kola yangu.

Desemba, jamani! Pwani hii inatazama mashariki, na Desemba ni kaskazi, upepo unaotoka baharini kuja nchi kavu. Upepo huohuo ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni na India karne na karne. Tumekariri shuleni, tumefanyia mtihani. Halafu mtu mzima mwenye kitambulisho shingoni anaweka moto baharini, anaweka watu nchi kavu, anatutakia heri ya mwaka mpya.

Nilikwenda kunawa macho bombani. Pembeni, upande wa kaskazini kabisa mwa ufukwe, mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anatazama onyesho lote bure, anga safi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona walia, umefiwa?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, yeye ambaye hata moshi haukumfikia.

"Moto uko joshini, nyie mmewekwa demani. Mlitegemea nini?"

Joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Basi, hiyo ndiyo elimu nzima. Kabla ya kuangalia mandhari, maegesho na picha ya kubandika mtandaoni, uliza upepo wa mwezi huo unatoka wapi. Upepo ukikatiza mbele ya watazamaji, kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, kila mlipuko unapata anga mpya kwa sababu moshi wa uliotangulia umeshafagiliwa. Ukitoka mgongoni mwa watazamaji ni bora zaidi. Na usiombe utulie kabisa, maana moshi utasimama palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Inaniuma kusema hili nikiwa mtu wa Dar, lakini Forodhani, kule Zanzibar, wanatushinda. Ile pwani ya Mji Mkongwe iko upande wa magharibi wa kisiwa. Weka tishari la kurushia fataki majini, mbali kidogo, na kaskazi itausukuma moshi kuelekea Shangani na bahari kuu, huku wewe unakula urojo wako kwa amani. Ila tishari liwe mbali kwelikweli. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la palepale Forodhani, iliporomoka yenyewe tarehe 25 Desemba 2020 bila kusikia fataki hata moja. Majumba yale hayahitaji kutiwa hofu.

Sawa, bahari ina faida yake, nakubali: inazima makaa na haidai posho. Lakini hata umbali hamkupima. Kanuni inayotumika sana Marekani ni takriban mita 21 kwa kila inchi ya kipenyo cha fataki, yaani fataki ya inchi 3 inataka zaidi ya mita 60 kabla ya mtazamaji wa kwanza. Asubuhi nilirudi kufuata viatu vya mtoto, nikahesabu hatua kutoka mabombani hadi meza yetu: 38. Na nyuma ya meza, paa la makuti. Makavu.

Njia za kutokea nisiziguse kwa mzaha. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, Kampala, watu waliambiwa watoke nje ya jengo la maduka wakaone fataki. Wasiopungua tisa walikufa kwa kukanyagana kwenye ujia mwembamba, watoto wakiwemo. Fataki zenyewe hazikumgusa mtu.

Mke wangu ameshaletewa kadi ya mkesha ujao. Ina mnazi, ina nyota, ina bei. Nikapiga namba iliyoandikwa chini, nikauliza mabomba yatakaa joshini au demani.

Kimya. Kisha: "Kaka, kwani unataka meza ya VIP?"