Muhuri hausuki nyaya

Mwenye nyumba wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, akitaka kuvuta umeme, kazi yake hupita mikononi mwa watu wawili ambao pengine hawatakutana maisha yao yote. Wa kwanza huchimba ukuta, hulaza mabomba, huvuta nyaya na kufunga soketi. Wa pili ana leseni, na bila sahihi na muhuri wake kwenye fomu, TANESCO, shirika la umeme, haileti mita ya LUKU. Sheria inataka watu hao wawe mmoja, au angalau wa kwanza afanye kazi chini ya macho ya wa pili. Mtaani mambo ni mengine. Kazi ina bei yake, muhuri una bei yake, na fomu husafiri kwa bodaboda.

Likitokea la kutokea, tangazo ni lile lile: wananchi waepuke vishoka, yaani mafundi wasio rasmi, watumie wakandarasi wenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Taabu ni kwamba kapu moja limejazwa watu wasiofanana. Yumo tapeli anayejifanya mtumishi wa shirika, akachukua hela za nguzo na kuzima simu. Na yumo fundi wa Makorora aliyesuka nyaya kwenye nusu ya nyumba za mtaa wake, ambaye taa ikigoma saa mbili usiku unajua mlango wa kugonga. Huyu wa pili hajasemewa vya kutosha.

Hoja ya upande wa leseni nayo haichezewi. Mlango uliopinda utauona siku ile ile seremala anapokuachia funguo, lakini waya uliobanwa vibaya nyuma ya soketi unaweza kukaa miaka ukipata moto kidogo kidogo kila pasi inapochomekwa, na siku utakapojitangaza, godoro limeshashika. Mteja hana jicho la kuyaona hayo, kwa hiyo kumwachia achague fundi kwa bei tu ni kumtupa. Tena anayeumia si lazima awe yule aliyechagua. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mwenye nyumba anakaa Dar, wapangaji ni wauza samaki, mwalimu na wanafunzi wa chuo. Hakuna kati yao aliyeulizwa nani asuke nyaya. Na paa la jirani limegusana na lao. Kwa watu hawa leseni ndiyo kauli pekee waliyonayo katika jambo hilo, na kila anayetaka masharti yafutwe kabisa inabidi kwanza awajibu.

Cheti kinamfaa hata fundi mwenyewe. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, pua na mdomo na mji. Mradi wa namna hiyo haumwajiri mtu kwa sababu mwalimu wake amesema kijana ni mzuri. Unataka karatasi. Kijana wa Tanga asiye nayo atabaki nje ya geti akiwatazama waja leo wakiingia.

Sasa tumtazame fundi wa mtaani anavyopatikana, maana wanaoandika kanuni mara nyingi humwona akiwa tayari juu ya ngazi na kudhani aliota hapo.

Anaanza akiwa saidia fundi. Kwa miezi mingi kazi yake ni patasi na nyundo, kuchimba mifereji ukutani, vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Hagusi waya wenye moto. Baadaye anapewa kuvuta nyaya ndani ya bomba, na hapo anajifunza kwamba kona tatu kali kwenye bomba moja zitamchubulia waya. Anajua ya milimita 1.5 ni ya taa, 2.5 ni ya soketi, na jiko la umeme lina waya wake mnene na njia yake peke yake. Anafundishwa kukaza skrubu, kisha kuuvuta waya kwa mkono kuona kama umeshika, halafu kukaza tena.

Yapo pia mambo ambayo mji wenyewe ndio unayafundisha. Nyumba za zamani za Chumbageni na Ngamiani zina nyaya nyekundu na nyeusi: nyekundu ya moto, nyeusi nyutro. Nyaya za siku hizi ni za kahawia na buluu. Kwenye mfumo mpya wa fezi tatu, nyeusi ni mojawapo ya nyaya za moto. Maana yake ni kwamba katika nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili au tatu, rangi nyeusi inaweza kuwa salama chumbani na kuua uani. Fundi aliyekulia kwenye nyumba hizo hagusi nyeusi bila testa, hata ukimwapia. Ukifika Raskazone au Sahare, hewa ya chumvi inakula shaba na chuma, viungio vinaota kijani, na mzoefu hufungua sanduku la sakitibreka kabla hata hajauliza tatizo ni nini.

Mafunzo haya yalikuwa na mtihani wake. Kwa desturi ya pwani, mwanagenzi akishaiva humpa fundi wake kilemba, naye fundi humtoa hadharani kama fundi kamili. Hakukuwa na karatasi, lakini mwalimu aliweka jina lake rehani: mwanafunzi akiharibu kwa watu, lawama inarudi kwa aliyemfunda. Sheria ya Umeme ya 2008 na kanuni zilizofuata ziliipa EWURA jukumu la leseni, zikapangwa madaraja A, B, C na D, na W kwa wasuka nyaya, kila moja na sifa zake za cheti na uzoefu. Ndani ya mpango huo, ile rehani ya jina haina pa kuandikwa.

Mlango haujafungwa kabisa, na ni haki kusema hivyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa anachokijua, anapewa cheti bila kurudishwa darasani kukaa na watoto. Serikali nayo imegharimia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana. Haya ni mambo mema. Lakini cheti cha VETA ni hatua ya kwanza, leseni ni ya pili, na kati yake kuna ada, kusubiri, na siku za kazi zinazopotea. Kwa mtu anayekula alichokipata leo, siku tatu za kufuatilia karatasi ni siku tatu za moto kutowashwa nyumbani. Anapiga hesabu: kuna mwenye muhuri atakayesaini kwa kiasi fulani, na mteja ndiye atakayelipa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Matokeo ya mpango huu yanaonekana vizuri zaidi kwenye fimbo ya erthi kuliko kwenye hotuba yoyote.

Kila nyumba huzikwa fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, na waya wa kijani na njano unaunganishwa nayo, ili umeme ukivuja upate njia ya kwenda ardhini na sakitibreka iruke. Sehemu kubwa ya Tanga mjini imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Unapiga nyundo, fimbo inaingia kidogo, inagota. Fundi mwenye subira anahama pembeni, anajaribu tena, anachimba, anatafuta mahali penye udongo na unyevu. Mvivu anachukua msumeno wa chuma, anaikata fimbo katikati, anazika nusu na kufukia vizuri. Kwa juu zote mbili zinafanana.

Piga hesabu. Tuseme nusu ile kwenye mawe makavu ina ukinzani wa omu 100. Waya wa moto ndani ya friji umechubuka na kugusa bodi. Volti 230 ukigawanya kwa 100 unapata ampea 2.3. Sakitibreka ya soketi ni ya ampea 20, kwa hiyo haitaruka, haitajua hata kwamba kuna jambo. Friji inaendelea kugandisha maji huku bodi yake ina moto, ikimsubiri mtu wa kwanza atakayeshika mlango akiwa peku kwenye sakafu yenye maji. Kifaa kinachoitwa RCD, kinachohisi umeme unaovuja, chenye kipimo cha miliampea 30, kingekata umeme papo hapo. Lakini hicho ni bei ya ziada, na ndicho cha kwanza kufutwa mteja anapoomba punguzo.

Nani angegundua? Aliyesaini fomu akiwa ofisini hakuiona fimbo. Aliyekuja kufunga LUKU aliona waya wa kijani ukizama ardhini, basi. Angegundua mtu mwenye kipimo cha erthi, aliyekichomeka ardhini akasoma namba. Leseni haikuzuia kosa hilo. Naona hata ililificha, maana mwenye nyumba ana karatasi yenye muhuri inayomwambia alale usingizi.

Mwaka 1981 wachumi wawili wa Marekani, Sidney Carroll na Robert Gaston, walichapisha utafiti uliogusa hili. Walilinganisha majimbo, wakaona kwamba pale ambapo masharti ya kuwa fundi umeme yalikuwa makali zaidi, mafundi walikuwa wachache kulingana na idadi ya watu, na vifo vya kupigwa na umeme vilikuwa vingi zaidi. Maelezo yake ni kwamba fundi akiwa adimu na ghali, watu hujitengenezea wenyewe. Wapinzani wa leseni huutaja utafiti huu kama aya.

Mimi unanisumbua. Majimbo hayafanani kwa mambo mengi, mashamba, hali ya hewa, umri wa nyumba, na yote hayo yana mkono katika vifo. Tena jimbo lililozika watu wengi linaweza kuwa ndilo lililokaza sheria, ukasoma tokeo ukadhani ni chanzo. Zaidi ya hapo, njia ya madhara kule si ya kwetu. Mmarekani hununua waya dukani Jumamosi na kupanda darini mwenyewe. Tanga hakuna anayefanya hivyo, kwa sababu kumwita fundi hakugharimu kiasi hicho. Kwetu ugumu wa leseni haumfanyi mwenye nyumba ajifanyie kazi. Unaigawa kazi mara mbili, mikono kwa mmoja na dhamana kwa mwingine, na aliyebeba dhamana hajui alichokibeba. Kwa hiyo namba zao siwezi kuzihamishia hapa. Swali lao, yaani nini kinatokea kwa watu walioshindwa bei ya mwenye leseni, nalichukua zima zima.

Wanaotetea masharti nao wana mfano wao, Ujerumani, na ni mzuri. Mwaka 2004 nchi hiyo iliondoa sharti la cheti cha ubingwa kwa fani 53, umeme ukaachwa palepale. Mwaka 2020 fani 12 zikarudishiwa sharti lao. Husemwa kidogo kwamba mageuzi yale yale ya 2004 yalimfungulia njia fundi, wa umeme akiwemo, aliyefaulu mtihani wa uanagenzi na kufanya kazi miaka sita, minne kati yake akiwa na madaraka ya usimamizi: anaweza kuomba kufungua karakana yake bila cheti cha ubingwa. Kwa maneno mengine, miaka kazini inahesabiwa. Na uanagenzi wenyewe, miaka mitatu na nusu, ni wa mkataba, kijana akiwa kwa fundi na shule kwa pamoja. Hao ndio tunaoambiwa ni wakali.

Kuna jambo jingine ambalo fomu haiwezi kulifikia. Ada ya kuunganishiwa umeme vijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000, na kwa nyumba ndogo upo UMETA, kifaa chenye soketi na taa zake kinachoondoa haja ya kusuka nyaya. Vizuri sana. Lakini nyumba haikai vile ilivyokuwa siku ya LUKU. Mwakani kinaongezwa choo cha nje, halafu pampu ya maji, halafu kijana anafungua kibanda cha kuchomelea mageti barazani na kuvuta umeme kutoka soketi ya sebuleni. Kwa hayo yote hakuna fomu wala muhuri. Anaitwa yule yule wa Makorora. Leseni hukutana na nyumba mara moja, yeye hukutana nayo miaka ishirini. Ukimweka nje ya mfumo, umeiweka nje hiyo miaka yote.

Kwa hiyo leseni ibaki, hasa kwa fezi tatu, viwanda na majengo ya watu wengi. Daraja la chini lifunguliwe kwa mtihani wa mikono, kwa Kiswahili, kwenye saiti, na miaka ya uanagenzi ihesabiwe pale ambapo fundi mwenye leseni yuko tayari kuithibitisha kwa jina lake. Fomu nayo ibadilike: iandike jina la aliyesuka nyaya pembeni ya jina la anayedhamini, iandike omu za erthi na kipimo cha uimara wa nyaya, na iwe kosa kuandika namba ambayo haikupimwa. Kipimo kimoja kinaweza kutumiwa na mafundi wa kata nzima wakichangia.

Wakandarasi watalalamika kwamba wao walisoma, wakalipa ada, na sasa soko linajazwa. Wanaofika saiti wana haki ya kusema hivyo, na madaraja ya juu yataendelea kuwa yao. Wale wanaosaini wakiwa mezani sioni watamlalamikia nani. Huyo wanayemwogopa wana namba yake ya simu, na wiki iliyopita alituma fomu.