Ovaroli Chini ya Gari

Hachibaki ni gari lisilo na mkia. Nyuma limekatwa wima, kioo na mlango wa buti vinashuka pamoja mpaka kwenye bampa, na hapo ndipo shida inapoanzia. Gari likikimbia, hewa inayopita juu ya paa inafika ukingoni na kukosa pa kuteremkia. Inakatika ghafla, nyuma panabaki pengo, na pengo hilo linavuta juu kila kitu ambacho matairi yamekikoroga: vumbi, maji, tope. Ndiyo maana magari ya namna hii mengi huja na waipa ya nyuma, wakati magari mengi ya saluni, yale yenye buti lililochomoza nyuma, hayana. Waipa yangu ilikuwa imezeeka. Haikuwa inafuta tope, ilikuwa inalipaka.

Mke wangu alipoanza kuniuliza kama bado tunatumia namba ileile ya gari, maana yeye hajaiona muda mrefu, nikaagiza vizuia tope. Namaanisha vile vipande vya mpira mgumu vinavyoning'inia nyuma ya matairi. Nilichukua vilivyofinyangwa kwa gari langu hasa, vinavyotumia matundu yaliyokuwepo tangu kiwandani, bila kutoboa chochote. Kumpelekea fundi kazi ya kufungua skrubu na kuzirudisha niliona ni kuudharau ukoo.

Karatasi ya maelekezo haikuwa na neno hata moja. Kulikuwa na picha za mtu asiye na uso, gari lisilo na tope, na mishale. Kwenye picha ya mwisho yule mtu ameinua dole gumba. Hana ovaroli, na sasa najua kwa nini.

Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, kijana wa kushika tochi. Jambo la kwanza tulilogombania ni kushoto na kulia. Vizuia tope huandikwa L na R, na upande wa gari huhesabiwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Hilo wote tulilijua. Lakini mimi nilikuwa nimelala chali, kichwa kimeingia chini ya buti, na mtu akilala hivyo mkono wake wa kushoto unakuwa upande wa kulia wa gari. Yeye alikuwa amechuchumaa nyuma, kushoto kwake ni kushoto kwa gari.

"Mjomba, hiki ni cha kushoto."

"Ndiyo, nipe hapa kushoto."

"Huko ni kulia, mjomba."

"Mkono wangu nisiujue?"

Tukakubaliana kwamba pande zitaitwa upande wa ukuta na upande wa barabara. Kazi ikasonga.

Watu wanadhani vya nyuma ni vyepesi kuliko vya mbele. Si kweli. Mbele unakata usukani, tairi linageuka, pango lake linakufungukia kama mlango. Nyuma tairi halikati kona. Kati ya tairi na bampa panapita kiganja, na panapita bisibisi, ila haviwezi kupita pamoja. Kwa hiyo nililegeza kidogo msimamo wangu kwamba jeki haihitajiki. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, kwa sababu hendibreki ya gari langu hushika matairi ya nyuma, na ukishanyanyua moja umebaki na nusu ya hendibreki. Nikapiga jeki kwenye ile alama ya ubavuni, nikasukuma stendi chini ya bodi. Bodi ikipanda, tairi linabaki likining'inia na springi inanyooka, basi nafasi inaongezeka. Mkono ukapita mpaka kiwiko.

Upande wa ukuta ulikwenda vizuri mno. Ningeomba uende vibaya kidogo, nipate adabu mapema.

Upande wa barabara ulianza kwa kunimwagia udongo wote uliokuwa umeganda kwenye pango la tairi. Uliniangukia usoni, na jasho likaukoroga ukawa ukoko. Mpwa wangu alicheka mpaka tochi ikamulika mawinguni. Nikafungua skrubu za chini za bampa, ambazo zilikuwa na kutu na zilitoka kwa kulalamika. Kisha nikachomeka ile klipu ya chuma. Ni kibati kilichokunjwa mfano wa herufi U, unakivika kwenye ukingo wa plastiki ili skrubu ipate pa kung'ata. Ndani kina ulimi wenye ncha unaokubali kuingia na kukataa kutoka. Kumbuka huo ulimi.

Palibaki klipu moja ya plastiki. Hizi zina pini katikati: unachomoa pini kwanza, halafu unatoa mwili wake. Mpwa alitaka kunisaidia, akachomoa vyote kwa mpigo. Klipu ikaruka, ikagonga tairi, ikaingia ndani ya bampa. Bampa la gari dogo, kwa asiyejua, ni ganda tu la plastiki, na nyuma yake ni uwazi wenye nafasi ya kupotezea mambo mengi.

Nikaingiza mkono wa kulia wote kuitafuta, mpaka begani, shavu kwenye tairi, macho yamefumba, nikapapasa kama mganga wa mifugo anayezalisha ng'ombe. Niliishika! Nilipovuta mkono, haukuja. Pindo la mkono wa ovaroli lilikuwa limepita kwenye ule ulimi, na ulimi ukafanya kazi iliyoumbiwa.

"Mjomba, nikushushie jeki?"

"Usiguse jeki!"

"Basi nikuvute miguu?"

Akanivuta. Ovaroli ikanibana mahali ambapo ovaroli haipaswi kubana, mkono ukabaki palepale. Nikamwambia aende ndani alete mkasi. Akaondoka na tochi. Mkasi wenyewe aliutafuta kwa utulivu wa mtu anayetafuta mchumba.

Ndipo akapita mzee wa jirani, na fimbo yake.

"Hodi hapo. Habari za kazi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wazima humo ndani?"

"Wazima."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Mama yao?"

"Hajambo, mzee."

"Na gari nalo?"

"Linaendelea."

"Mbona hunyanyuki tukapeana mkono?"

"Mkono nimeutumia, mzee."

Akaridhika, akaenda zake. Na ndivyo alivyopata heshima, ambayo baadaye aliitaja mara kwa mara, ya kuwa mtu wa mwisho kuniona nikiwa hai.

Nilipoona mkasi hauji, nikafikiri. Kilichonaswa ni nguo, si mimi. Nikafungua vifungo kwa mkono wa kushoto. Viatu vya kazi vilikuwa vinazuia miguu ya ovaroli, nikavisukuma vikatoka. Nikajinyonga, nikajipinda, mkono ukateleza ndani ya nguo, nikatoka nyuma ya gari nikiwa na bukta tu, maana lilikuwa jua kali na chini ya ovaroli sikuwa nimeongeza kitu. Nikachungulia barabarani. Hapakuwa na mtu. Nikatimua mbio ndani.

Sikuangalia nyuma nilichokiacha. Nilikuwa nimeacha ovaroli imelala chali, mkono mmoja umeingia ndani ya gari, kiwiliwili chini ya bampa, miguu miwili imenyooka nje, na kwenye ncha ya kila mguu, kiatu.

Mzee akarudi. Akasalimu. Kimya. Akasalimu tena kwa sauti, kwa sababu si desturi yangu kumnyima salamu. Kimya. Akagusa goti kwa ncha ya fimbo, goti likabonyea mpaka chini kwenye ardhi.

Mimi nilikuwa chumbani natafuta suruali niliposikia, "Jamani! Gari limemlalia mtu! Amekuwa bapa!"

Suruali nikaisamehe. Nikanyakua kanga ya mke wangu, nikajifunga, nikatoka mbio. Nje tayari kuna umati, wengine sijawahi kuwaona.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu chini ya gari!"

Naomba nieleweke hapa, maana watu wananicheka bila haki. Nilimwacha kijana wa watu ametumwa mkasi. Nikatoka ndani sikumkuta. Naona viatu chini ya gari. Ningewaza nini? Niliwaza karudi, kaingia chini kuifungua klipu, na sasa nitamwambia nini dada yangu. Nikapiga ukelele, "Mpwa wangu!" Nikapenya katikati ya watu, nikakamata bampa.

Mzee alikuwa karibu yangu, ameshika ukingo wa bampa kwa mkono mmoja. Akanitazama, nina ukoko wa tope usoni na kanga kiunoni, hakunitambua. Akanishika bega. "Jikaze, mama," akasema. "Alikuwa mtu mzuri. Sasa hivi tu tumesalimiana."

"Moja, mbili, tatu, haya!"

Mtu yeyote aliyewahi kunyanyua gari atakwambia halinyanyuliwi kwa bampa. Hasa bampa ambalo mtu ameshalifungua skrubu za upande mmoja. Klipu zikaachia moja baada ya nyingine, ta-ta-ta-ta, gari likabaki limekaa juu ya stendi yake halina habari, na sisi sote tukaenda chali na bampa vifuani. Ovaroli ikatoka nalo, ikining'inia kwa mkono mmoja. Mama mmoja akajifunika uso. "Wamemtoa," akasema.

Mzee akasogea, akainua mguu wa suruali, akachungulia ndani. Akahamia mguu wa pili, akachungulia.

"Hamna mtu."

Umati ukanyamaza. Nadhani kuna waliokuwa tayari kusema mambo makubwa kuhusu nyumba yetu, bahati mpwa akatokea mlangoni na mkasi mkononi.

"Mjomba, nimeupata. Mbona umevaa kanga?"

Sitaeleza kicheko. Nitaeleza tu kwamba bampa likishatoka, kazi ile haichukui muda hata kidogo. Klipu iliyopotea, niliyoiachia nilipokuwa najinasua, ilikuwa imelala kwenye kona, ikadondoka yenyewe. Kizuia tope kikakaa, skrubu zikaingia kwa mkono, huku nimepakata bampa, na watu wa kushikilia tochi mchana kweupe walikuwepo wa kutosha. Kulirudisha ni kuligonga kwa kiganja mpaka klipu ziitike, isipokuwa zilizovunjika, ambazo zimeacha kona moja imejitokeza kidogo kama inasikiliza. Tukashusha jeki, nikapitisha vidole kati ya mpira na tairi kuhakikisha havigusani, kwa sababu tairi linaloning'inia halikai sawa na tairi lililobeba gari. Mzee ndiye aliyetoa idhini ya mwisho. Alitaka pia kujua kipi cha kushoto, nikamwambia cha upande wa barabara.

Vinafanya kazi. Kokoto hazipigi tena bampa, na pembeni pamebaki safi. Kioo cha nyuma bado kinachafuka, kwa sababu lile pengo la hewa halizibwi na kipande cha mpira. Mke wangu alinitajia hilo jioni ileile, akiikagua kanga yake kwenye mwanga.

Mtaani naitwa Marehemu. Watoto wananipungia, "Marehemu, shikamoo!" Naitika, nifanyeje. Mzee yeye hana utani na jambo hili. Akinikuta nimelala chini ya gari, hasalimii kwanza. Anainama, anakamata kiatu, anakitikisa. Akikuta kina mguu ndani, ndipo anauliza habari za watoto.