Gesi ya bomba: nani aunganishiwe kwanza?

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba la inchi 36 linaloisafirisha kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, mama anayepika Tandika au Mbagala leo anapikia mkaa, au mtungi uliojazwa gesi iliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Nyumba zilizounganishiwa gesi ya bomba ni chache mno, zikiwemo za sehemu za Mikocheni na Sinza, nyumba za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadhi ya mitaa ya Mtwara na Lindi. Ndiyo maana kila habari ya mradi mpya ikitoka, watu huulizana fomu inapatikana wapi.

Swali hilo ni la haki, lakini nadhani kuna jingine linalopaswa kulitangulia: kati ya waombaji wote, nani afikiwe kwanza, na kwa fedha ya nani?

Anayeitaka gesi hii ana sababu nzito. Mtungi huisha bila taarifa, mara nyingi usiku au siku ya wageni. Kuujaza kunahitaji fedha nyingi kwa mkupuo, na hapo ndipo familia nyingi hukwama: mtungi unakaa mtupu pembeni ya jiko, mkaa wa kopo unarudi, kwa sababu mkaa unanunulika kwa fedha ya leo. Gesi ya bomba yenye mita ya kulipia kabla, kama tunavyonunua umeme wa LUKU, inamruhusu mtu kununua kidogo kidogo. Ni kweli mitungi yenye mita, inayolipiwa kwa simu, nayo imeshaingia Dar es Salaam, lakini bado mtungi wenyewe lazima ubebwe hadi mlangoni.

Kuhusu bei, mwombaji asikubali kuambiwa tu kwamba gesi ya bomba ni nafuu. Apige hesabu mwenyewe. Kilo moja ya gesi ya mtungi inatoa joto la megajuli 46 hivi. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia inatoa kama 36. Kwa hiyo mtungi wa kilo 15 unalingana na takriban mita 19 za ujazo za gesi ya bomba. Chukua bei unayolipa kujaza mtungi huo, igawe kwa 19. Ukijaza kwa shilingi 57,000, jibu ni 3,000. Kama bei ya mita ya ujazo uliyotajiwa iko chini ya hapo, umepata nafuu. Tofauti ikiwa ndogo, uliza gharama ya kuunganishwa itarudi baada ya muda gani.

Hapo kwenye gharama ya kuunganishwa ndipo upande wa pili wa hoja unapopata nguvu. Mwaka 2023 Wakala wa Nishati Vijijini ulitoa takriban shilingi bilioni 6.8 kwa ajili ya mradi wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, wa kufikisha gesi kwenye nyumba kama 980 za Mnazi Mmoja, Lindi, na Mkuranga, Pwani. Gawanya, utapata karibu shilingi milioni 7 kwa nyumba moja. Wakala huohuo umekuwa ukigawa mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei. Fedha iliyoingiza bomba katika nyumba moja ingeweka mitungi ya ruzuku katika jikoni nyingi sana, na mkaa ungepungua katika zote. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa kasi ya nyumba mia kadhaa kwa mradi, bomba peke yake halitafika hata karibu na lengo hilo, na ni vizuri viongozi waliseme hilo wazi.

Lakini hesabu ya milioni 7 ina kasoro moja ambayo wapinzani wa bomba huiruka. Fedha hiyo haikununua jiko na mita tu. Imo pia ya kituo cha kupunguza mgandamizo na ya mabomba ya plastiki yanayofukiwa mtaani, ambayo yakilazwa vizuri hudumu miaka 50 au zaidi. Nyumba ya kwanza inabeba gharama ya mtaa mzima. Ya mia moja inahitaji tawi fupi, regyuleta (kifaa cha kushusha mgandamizo wa gesi) na mita. Mtungi wa ruzuku haujengi kitu cha aina hiyo, kwani mwezi ujao familia inarudi dukani kuujaza kwa bei ya soko la dunia.

Kwa hiyo naona kosa letu liko kwenye mpangilio. Maombi yakipokelewa nyumba moja moja, huyu leo na yule mwakani, kila mmoja anaonekana mzigo. Yapokelewe mtaa kwa mtaa, serikali ya mtaa ikikusanya majina na kuonyesha waombaji ni wangapi, pamoja na wale wanaopika kwa biashara. Nawataja hao kwa sababu ndio wanaoweza kulilipa bomba. Familia ya watu watano inatumia gesi kidogo: chai asubuhi, ugali na mboga mchana, wali jioni. Kibanda cha chipsi kinawaka kuanzia alasiri hadi usiku wa manane. Mama lishe anaanza maandazi na supu kabla ya adhana ya alfajiri, na sufuria ya maharage haishuki hadi saa sita. Tanuri la mkate, hoteli, hospitali, na bweni la shule vinatumia zaidi ya hapo. Mtaa wenye wateja wa namna hii kumi unaweza kurudisha gharama ya bomba mapema, na nyumba za jirani zikaunganishwa kwa bei ya tawi tu.

Wengine watasema huo ni upendeleo kwa mwenye biashara. Sikubaliani. Mama lishe ndiye anayevuta moshi wa mkaa saa kumi kwa siku, na kwake mafuta ya kupikia, mkaa na unga ndivyo vinavyoamua kama siku ina faida. Tena serikali imeshaziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Shule iliyopewa amri hiyo na ikawa iko jirani na bomba inapaswa kuwa ya kwanza kwenye foleni.

Misri imetuonyesha namna nyingine ya kulibeba jambo hili. Nchi hiyo imeunganisha zaidi ya nyumba milioni 10, na mwenye nyumba hutozwa ada ya kuunganishwa kwa awamu ndogondogo za miezi mingi, hivyo hahitaji kutoa fedha zote siku ya kwanza. Kwetu, makato madogo yangeweza kuingizwa ndani ya manunuzi ya gesi yenyewe, kwa muda na kiwango kilichoidhinishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ili mteja ajue mwisho wake. Uholanzi, kwa upande mwingine, tangu Julai 2018 nyumba mpya haziunganishiwi tena gesi, na wanaopinga mabomba hapa hupenda kuutaja mfano huo. Mimi nauona uko mbali nasi. Uholanzi inaiondoa gesi ili iweke umeme na joto la pamoja linalosambazwa nyumba hadi nyumba kwa mabomba ya maji moto. Sisi tunaondoa mkaa unaokata miti ya Kilwa, Handeni na Morogoro. Onyo moja la Uholanzi nalipokea lakini: bomba ni ahadi ya miongo mingi, na visima vya Songo Songo na Mnazi Bay si vya milele. Kabla ya kuahidi majimbo yote, serikali ituambie gesi ya baadaye itatoka kisima gani, maana ile iliyogunduliwa bahari kuu bado iko chini ya maji.

Kuna suala linaloniuma zaidi ya hayo yote. Bomba linapenda mitaa iliyopimwa. Mikocheni na Sinza zina barabara na viwanja vyenye mipaka. Fundi anajua pa kuchimba na mita ataifunga ukuta upi. Manzese na Tandale, uchochoro mwingine mtu anapita upande upande, mfereji wa maji machafu uko katikati, na ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ndiko mkaa unakotumika zaidi, na ndiko bomba litakakochelewa zaidi. Huko sioni aibu kusema mtungi wa ruzuku, wenye mita ya malipo madogo, ndio jibu sahihi kwa miaka ijayo, mradi fedha yake isikatwe kwa kisingizio kwamba bomba linakuja.

Na mpangaji je? Jiji la Dar es Salaam ni la wapangaji, lakini ombi la gesi linahitaji ridhaa ya mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta ni wake. Mwenye nyumba asiyekaa hapo hana haraka. Akiunganisha, anaweza kupandisha kodi. Nyumba ya vyumba sita yenye familia sita inahitaji mita sita, ama sivyo tutarudia ugomvi wa mita moja ya umeme, kila mmoja akidai mwenzake ndiye anayepika sana. Fomu yoyote ya maombi isiyo na nafasi ya mpangaji itawaacha nje watu wengi wa mji huu.

Ombi likikubaliwa, usiruhusu jiko lako la mtungi liunganishwe hivyohivyo. Gesi ya mtungi ina joto zaidi ya mara mbili kwa ujazo uleule, kwa hiyo tundu la jeti yake, kile kipande kinachopulizia gesi kwenye moto, ni dogo. Ukilipitishia gesi asilia moto unakuwa dhaifu, sufuria inachelewa kuchemka, na watu wanaanza kusema gesi ya serikali haina nguvu. Mara nyingi ni jeti inayohitaji kubadilishwa, kazi fupi kwa fundi mwenye vipuri sahihi. Kinyume chake ni hatari zaidi: jiko la gesi asilia likirudishwa kwenye mtungi bila kubadilisha jeti, moto unapanda juu na kutoa masizi.

Hata tabia za usalama lazima zibadilike. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda na kujikusanya chini ya dari, kwa hiyo chumba cha jiko kisicho na matundu ya hewa sehemu ya juu ya ukuta hakifai hata kama kina mlango mpana. Ukisikia harufu, funga valvu ya kwenye mita, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa, toka nje ndipo upige simu. Mkaguzi anayekuja kupima nyumba yako aulizwe matundu hayo yatawekwa wapi na nani atayalipia, kabla hujatia saini.