Wahadzabe hawagawani nyama kwa ukarimu

Makala za utalii kuhusu Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, huwasifia ukarimu: mwindaji amerudi na nyama, kambi nzima inakula. Sifa hiyo siikubali. Mkarimu anaweza kuamua leo asitoe. Mhadzabe aliyeangusha pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, hana uamuzi huo, maana wenzake wana haki ya kula.

Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba mwindaji hurudi kambini kimya, akaketi na wanaume wenzake, akaacha damu iliyo kwenye mshale iseme yenyewe. Watu huenda alipoanguka mnyama, kila mmoja akapata fungu. Zipo sehemu za mnyama mkubwa, nyama ya epeme, ambazo ni za wanaume waliotimiza masharti ya mila na huliwa kwa siri. Hata hizo mwindaji hawezi kujitengea. Asubuhi yake hakuna anayedaiwa. Mwaka 1998 Woodburn aliandika waziwazi kwamba kugawana kwa namna hii si kubadilishana.

Sisi wa mijini tunajiona watu wa kutoa kwa sababu tunachangiana harusi na misiba. Lakini kamati ina daftari, na kila jioni orodha ya majina na kiasi hutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Aliyenichangia elfu hamsini ananitazamia zamu yake ikifika, na nikikaa kimya atakumbuka. Utaratibu huo umetufaa sana, lakini ni mkopo. Wahadzabe hawana daftari, na naamini ndiyo maana hawana matajiri wala machifu: mwindaji hodari hawezi kujikusanyia wadaiwa.

Kinachonivutia zaidi ni mchezo wao wa kamari, lukuchuko. Wanaume hurusha vipande vya magome kwenye shina la mti, na namna vinavyoanguka ndiyo huamua mshindi. Dau huwa mishale ya sumu, visu, shanga. Upinde, mishale isiyo na sumu na mfuko wa ngozi haviwekwi kamwe, kwa hiyo hata aliyeliwa kila kitu kesho ataweza kuwinda. Anayeshinda mfululizo hushinikizwa aendelee kucheza mpaka bahati imgeuke. Chuma cha mishale na visu hivyo hutoka kwa majirani kama Wadatoga, ambao ni wafugaji, na huko kuna kubadilishana hasa, kwa nyama na asali. Kikishaingia kambini, mchezo hukizungusha kwa watu wengi na hakuna anayebaki na deni la shukrani.

Tusiwafanye malaika. Asali kidogo au matunda huliwa hukohuko porini, na mwenye tumbaku huificha, kwa sababu kila mtu anajua kwamba kikionekana kitaombwa. Mfumo mzima umesimama juu ya kuonekana. Pofu hafichiki, na nyama yake haingoji wiki ijayo.

Noti inafichika, tena haiozi. Ndiyo maana fedha za watalii zinazotolewa mkononi huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, zinaniuma: hazina mahali katika utaratibu huu, na nyingi huishia kwenye pombe. Bonde la Yaeda limeonyesha njia iliyo bora. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko walipata hati ya kimila ya ardhi yao, na mradi wa hewa ukaa, unaolipia misitu ya ardhi hiyo ilindwe isikatwe, hulipa jamii kwa pamoja. Fedha zimelipia matibabu na masomo ya watoto. Mtoto mgonjwa anaonekana na kila mtu, kama pofu. Kampuni zinazopeleka wageni Eyasi zinapaswa kulipa kwa mtindo huohuo, na hesabu isomwe mbele ya kambi nzima, wanawake wakiwapo.