Hiyo "na Kuendelea" Iondoeni

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu alinigongea mlango. Laptopu kaizungushia kanga, maana upepo wa siku hizi unabeba vumbi mpaka ndani ya kabati. Yuko mwaka wa pili pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na kazi yake ilitakiwa Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo kaka. Tangu juzi nafuata kila mstari, haikubali. Nadhani mimi ndiye sielewi."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonikalisha niandike.

Maktaba aliyoambiwa atumie, yaani mkusanyiko wa programu zilizoandikwa tayari na wengine, ilikuwa na maelekezo mafupi, safi kabisa: inahitaji Python, ile lugha ya kuandikia programu, toleo la 3.6 na kuendelea. Yeye kaweka 3.12. Mtoto yeyote anayejua kuhesabu atakwambia 12 iko mbele ya 6. Lakini kila akiendesha programu, kioo kinamjibu: No module named 'distutils'. Alishaifuta Python na kuipakua upya mara tatu, akiamini kakosea kuiweka. Mara tatu, kwa bando la simu, mpaka la wiki nzima likakata.

Hakukosea kitu. Wenye Python walitangaza tangu 3.10 kwamba distutils, kipande chake cha kufungashia na kuweka programu, itaondoka, na toleo la 3.12 lilipotoka Oktoba 2023 ikaondoka kweli. Tukaweka setuptools, kifurushi cha pembeni ambacho bado kinaibeba distutils ndani yake, tukavuka. Hatua mbili mbele tukakwama kwenye collections.Mapping, kifaa kingine cha Python, ambacho siku hizi kinapatikana kwenye collections.abc peke yake. Njia hiyo ya zamani ya kukiita iliondolewa kwenye 3.10, yaani Oktoba 2021. Maana yake maneno "na kuendelea" yamekuwa si kweli kwa miaka yote hiyo, na kila aliyeyasoma akayaamini alipita njia aliyopita huyu binti. Wangapi waliishia kusema "mimi ndiye sielewi" wakafunga laptopu?

Mtu mwenye mwenzake wa kumuuliza ofisini hapotezi chochote, atageuza kiti na kuuliza. Kijana aliye chumbani Nkuhungu au Nzuguni hana mwalimu mwingine usiku huo zaidi ya ukurasa ule. Ukurasa ukimdanganya, lawama anajitwisha mwenyewe, kwa sababu hajui kwamba maandishi yanaweza kuzeeka.

Najua, wengi wanaotunza maktaba hizi wanajitolea, hawalipwi hata senti. Sawa. Ndiyo maana siwadai warekebishe programu yote usiku mmoja. Nadai mstari. Badala ya "3.6 na kuendelea", andika "imejaribiwa kwenye 3.6 hadi 3.9". Hiyo ni kazi ya dakika moja, na ingemwachia yule binti siku zake mbili. Toleo ambalo hujalijaribu usiliahidi. Na kama toleo jipya limekushinda, sema hivyo hivyo, limekushinda, watu watajipanga.

Wala tusiseme tumeshtukizwa. Python inatoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo linahudumiwa miaka 5. Kalenda iko wazi. Ya PHP, lugha nyingine ya programu, pia iko wazi, na bado nakutana na maelekezo yanayomtuma mtu kwenye 7.4, iliyoachwa tangu Novemba 2022.

Mwishowe nilimwekea 3.9 pembeni ya ile 3.12, kazi ikaenda. Saa tano na nusu usiku. Sikufurahi, kwa sababu 3.9 nayo iliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2025, na sipendi kumfundisha mwanafunzi kuegemea kitu kilichoachwa.

Jumapili nikafungua kazi zangu mwenyewe. Mojawapo, ambayo watu wanaitumia, ilikuwa imeandikwa 3.7 na kuendelea. Nikaijaribu toleo moja baada ya jingine hadi 3.13, ikakataa mawili. Nimeyaandika yote, yaliyopita na yaliyokataa, kwenye README, ukurasa wa maelekezo, na kwenye pyproject.toml, faili la mipangilio ya mradi.

Jioni binti akarudi kushukuru. Nikamwonyesha ule mstari wa maktaba yake, akauangalia kwa muda.

"Kaka, mtu kama mimi anaruhusiwa kuubadilisha?"

Nikamwashia hotspoti. Aliandika yeye mwenyewe, kwa jina lake, akatuma. Leo Jumatano, bado tunasubiri wenye maktaba waupokee.