Nondo wa viwavijeshi: kazi ya kijiji au ya Tengeru?

Viwavijeshi ni viwavi wanaovamia mazao kwa makundi; wakikua hugeuka nondo, wadudu wanaofanana na vipepeo. Kwa miaka mingi utabiri wao Tanzania ulitegemea mitego iliyotawanywa mikoani. Idadi ya nondo walionaswa ilipelekwa kituo cha utabiri cha taifa Tengeru, Arusha, na wataalamu wakatoa tahadhari wilaya kwa wilaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kilosa mkoani Morogoro, ikajaribiwa njia nyingine: wakulima wa kijijini walipewa mtego wa ndoo na kipima mvua, wakafundishwa kuhesabu na kutabiri wenyewe. Mimi naegemea upande wa kijiji, ila kwa masharti.

Kinachoamua hapa ni muda. Mayai huanguliwa baada ya siku chache tu, na viwavi wachanga, wa kijani, hujificha majanini. Mkulima hushtuka wameshageuka weusi na wanatembea kwa makundi, na hapo shamba la mahindi machanga huweza kuisha haraka mno. Tahadhari ya wilaya nzima ikipita ofisi hadi ofisi, humfikia akiwa hana la kufanya. Lakini aliyeona ndoo imejaa nondo asubuhi, na kipima mvua kimepata maji, anaweza kutangaza siku hiyohiyo mkutanoni, msikitini au kanisani, watu wakaanza kukagua mashamba.

Wanaotetea utabiri wa kitaifa nao wana hoja nzito. Nondo hawa husafiri na upepo mamia ya kilomita, kisha dhoruba ya mvua huwashusha kwa wingi mahali pamoja. Mtego wa kijiji kimoja hauwezi kuwaona walio njiani. Isitoshe, harufu ya kivutio kinachowekwa mtegoni huvuta madume tu, kwa hiyo ndoo tupu haimhakikishii mtu usalama.

Utambuzi nao umekuwa mgumu zaidi tangu viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waingie nchini mwaka 2017. Kila aina ina kivutio chake, lakini kivutio cha vamizi hunasa pia nondo wengine wasiohusika. Nondo aliyepukutika magamba ndani ya ndoo hafahamiki kwa kumtupia jicho. Inabidi umfunue bawa la nyuma: la kiwavijeshi wa Afrika ni jeupe lililofifia, lenye mishipa myeusi. Kazi hiyo mkulima anaiweza vizuri, mradi afundishwe na apate afisa ugani wa kumuuliza.

Ninachohofia zaidi ni uchovu. Kuna misimu viwavi hawatokei kabisa, na kumtaka mtu akague ndoo kila siku bila posho, kivutio kikiwa kimeisha nguvu na hakuna wa kukibadilisha, ni kumwonea. Kijiji kihesabu, hesabu hizo zifike Tengeru pia ili picha ya nchi isipotee, na halmashauri ipeleke vivutio, dawa na mabomba ya kupulizia kwenye kata kabla mvua za kwanza za msimu hazijaanza.