Nilivyofuta watu wa Moi Avenue

Jamani hii nawahadithia ila mnicheke polepole, maana bado naishi kwa huyo mtu.

Tarehe 5 ilifika na kodi sina. Yaani hela nilikuwa nazo lakini nikanunua lenzi ya kamera ya mtumba, nikajiambia lenzi itajilipa na kodi itajua yenyewe. Ami akapiga simu. Ami ndiye mwenye nyumba, hapa Majengo, Mombasa, twamwita Ami sote hata tusio damu yake, na kwake mwenyewe ni huko Kibokoni. Nikamwambia Ami niko Malindi, nimepata kazi ya harusi siku nne, nikirudi tu nakuletea mkononi. Akasema inshallah. Mtu mzima ukimdanganya akakujibu inshallah roho yakuuma kidogo lakini hupoa.

Sasa siku ya pili ya Malindi yangu, nimejifungia ndani na feni, nikakumbuka ile picha aliyopiga Louis Daguerre kule Paris mwaka 1838. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi kama kawaida ya mji, lakini kamera za enzi zile picha moja yachukua dakika kadhaa, kwa hivyo kila kinachotembea hakikushika, kikapotea chote, barabara ikatoka tupu kama watu wamehama. Isipokuwa bwana mmoja pembeni, alikuwa amesimama apigwa viatu rangi. Huyo ndiye akabaki. Husemwa ni katika watu wa kwanza kabisa kuonekana kwenye picha, na hata jina lake halijulikani. Mie nikasema nataka hiyo, lakini yangu iwe Pembe za Ndovu, zile pembe kubwa zilizopinda juu ya barabara ya Moi Avenue, saa saba mchana, jua la utosi.

Shida ni huo mwanga. Saa saba ya Mombasa ukiacha shata, yaani kile kimlango cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi sekunde 30 unapata karatasi nyeupe. Kuna filta nyeusi za kazi hiyo lakini bei yake ndiyo kodi nyingine, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea Mwembe Tayari akaniuzia kile kioo cha ngao ya uso, chenye mkwaruzo, mia na hamsini, nikakifunga mbele ya lenzi na mpira wa tyubu ya baiskeli. Na chafanya kazi wallahi. Ubaya wake picha inatoka kijani kama mchicha, lakini ukiigeuza nyeusi na nyeupe hakuna atakayejua. Ubaya wa pili ndio ulionimaliza: ukishakifunga huoni kitu. Walenga kwanza, wafokasi, ndio wakifunga, na kuanzia hapo wewe na kamera nyote vipofu.

Nikavaa kofia na barakoa, maana niko Malindi, nikatoka.

Kabla ya kioo nilitaka kujipasha moto na tuktuk ya binamu yangu. Nikamwambia apite chini ya Pembe nimpige. Shata ya 1/1000 ya sekunde ikamgandisha mpaka tairi zaonekana kokoto kwa kokoto, nikamwonyesha akakasirika, “mbona wanifanya kama nimeegesha?” Kweli, ilikuwa kama tuktuk mbovu inayosubiri fundi. Basi nikashusha mpaka 1/20, hapo wamfuata na kamera kama shingo ya feni, yeye anakaa sawa nyuma kote kunakuwa michirizi. Nikamwambia zunguka tena. Akazunguka. Imetikisika, zunguka tena. Mara ya tatu ndio nikaona nyuma kuna mama na kikapu chake cha Marikiti, katoa kichwa nje na kidole juu, “We mwanangu! Mimi naenda Makupa, hapa ni Makka tunatufu?”

Hiyo ndiyo ilitoka bora, mji wote umekuwa mafuta mafuta na kidole cha yule mama kimesimama wembe. Nauli hakulipa na mimi simlaumu. Binamu yangu ananidai mpaka leo.

Haya, kioo. Nikasimamisha stendi kando ya njia, nikafunga, nikabonyeza, nikainamisha kichwa nahesabu huku nimeushika mguu wa stendi upepo usiutikise. Sekunde 30 ni nyingi ukiwa umeinama hadharani. Nasikia honi, nasikia makanga wanaita Bamburi, nasikia muuza kahawa akigonga vikombe. Nikapiga moja hiyo hiyo, jua lilikuwa laniunguza shingo, nikakunja vitu nikakimbilia ndani.

Usiku nikaigeuza nyeusi na nyeupe kwenye simu, nikatetemeka. Matatu hakuna. Watu hakuna, kumebaki vumbi vumbi la moshi. Muuza kahawa kapotea lakini dele lake lipo chini peke yake, lafuka. Kuna mahali pana miguu miwili na ndala bila mwenyewe, alisimama lakini kiwiliwili kilikuwa chayumba. Na kule ng'ambo kulia kuna mtu mdogo hivi, wima, safi. Nikasema alhamdulillah, hata mimi nimepata bwana wangu wa viatu! Nikaiweka status ya WhatsApp, “Pembe bila watu, leo saa saba mchana.” Sikumvuta karibu huyo mtu. Wala sikukumbuka nani yuko kwenye namba zangu.

Saa nne usiku ikaingia sauti ya Ami, dakika moja na nusu.

“Mwanangu, asalaam aleikum. Leo nilipita Pembeni nikaona kijana kainama na kamera. Nikasimama pale nikamtazama sana, nikasema huyu mgongo wake kama wa yule wangu. Kisha nikajiambia la, yule yuko Malindi, duniani wawili wawili. Nikenda zangu. Sasa mjukuu wangu kanionyesha picha yako, naona aliyesimama ni mimi. Hebu nieleze, hii umeipiga kutoka Malindi?”

Nikaivuta. Kikoi, kofia ya vito, kifuko cha mabamia, mikono nyuma, ananiangalia mimi. Mji mzima wa Mombasa hakuna aliyetulia sekunde 30 ila mdai wangu, na katulia kwa kunidhania mema.

Nikafuta status. Nikamwandikia Ami nisamehe, nikaongeza kwamba naweza kumchapia hiyo picha kubwa aweke sebuleni, tukakata kidogo kwenye kodi. Tiki mbili, zikawa buluu, kimya.

Sasa ni asubuhi, namchungulia kwa dirishani. Yuko barazani kwetu hapa chini tangu alfajiri, kakunja mguu, chai yake pembeni, hata unyasi hautikisiki. Huyu hata Daguerre angempata.